Fukuto Darasani: Kukoma Hedhi na Kazi ya Mwalimu

Katika vyuo vya ualimu tulifundishwa namna ya kuandaa somo, namna ya kuandaa zana, na namna ya kuandaa darasa. Hatukufundishwa namna ya kuuandaa mwili wa mwalimu, ingawa mwili huo ndio zana ya kwanza aingiayo nayo darasani kila siku. Makala haya yana madhumuni ya kuwaeleza wanachuo jambo moja ambalo sisi tulilijua kwa kuchelewa, na kuchelewa huko kulimgharimu mtoto asiye na kosa. Jambo lenyewe ni kukoma hedhi, na hasa lile joto la ghafla liendalo pamoja nako, ambalo sisi wenyewe tumezoea kuliita fukuto.

Sisi tunaoandika ni walimu wanawake watatu tuliosoma chuo kimoja. Wawili tunafundisha upande wa Mbagala, wilayani Temeke, na mmoja anafundisha upande wa Bunju, wilayani Kinondoni. Tuliingia kazini katika miaka ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulioanza mwaka 2002. Ada ilikuwa imefutwa, watoto wakamiminika shuleni, na serikali ikaajiri vijana wengi kwa mara moja. Yafaa ieleweke kwamba vijana walioajiriwa pamoja huzeeka pamoja. Leo, katika shule nyingi za pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, wale walimu wa kike wa miaka ile wamefikia umri wa kukoma hedhi karibu wote kwa wakati mmoja, na bado wana miaka kadhaa ya kufundisha kabla ya kustaafu wakiwa na miaka 60. Kwa hiyo jambo hili si la faragha ya mtu mmoja tu. Ni jambo la shule.

Tuanze na kisa chenyewe. Ilikuwa mwezi wa Februari, siku za kaskazi, kabla ya mvua za masika. Mmoja wetu alikuwa akifundisha Hisabati Darasa la Nne lenye watoto 112, katika chumba chenye paa la bati lisilo na dari. Kipindi kilianza mara baada ya mapumziko ya chai. Alikuwa ubaoni akionyesha kugawanya kwa njia ndefu, fukuto likamwanza kifuani, likapanda shingoni na usoni. Moyo ulikwenda mbio, jasho likamtiririka hata chaki ikalowa vidoleni. Mvulana mmoja wa dawati la mbele aliinuka na daftari lake, akasimama kando ya mwalimu, akaanza kumpepea. Darasa zima likaangua kicheko.

Mwenzetu aliona amedhihakiwa. Alimpokonya yule mtoto daftari, akamfokea mbele ya wenzake, akamtoa nje na kumwambia asirudi bila mzazi. Mtoto hakuonekana siku nne.

Siku ya tano alikuja na bibi yake, mama wa makamo anayeuza vitumbua karibu na kituo cha daladala. Mwenzetu alimwamkia, "Shikamoo, bibi." Naye akaitikia, "Marahaba, mwalimu. Samahani nimechelewa, sina wa kumwachia biashara. Huyu mtoto kaniambia amefukuzwa kwa sababu alikupepea. Basi kosa ni langu, maana mimi ndiye niliyemzoesha. Usiku mwili ukinipanda moto, yeye ndiye huamka akachukua kipepeo. Amekuona unatoka jasho kama langu, akadhani nawe una haja hiyo hiyo."

Mwenzetu hakuwa na la kujibu. Jioni ile alitusimulia, na sote watatu tulinyamaza kwa muda, kwa maana kila mmoja alikuwa na fukuto lake ambalo hakuwa amelitaja kwa mtu. Mmoja wetu alikuwa amekwisha kumeza dawa ya mseto ya malaria mara tatu katika mwaka ule, bila kupimwa hata mara moja, kwa kuamini kwamba jasho la usiku ni homa. Mwingine alikwisha kuandika barua ya kuomba kustaafu kwa hiari atakapotimiza miaka 55, kwa kuwa aliona kazi imemshinda. Tulikuwa tumefundisha Sayansi miaka mingi. Tulipofika katika mada ya balehe tuliwaeleza wasichana mwanzo wa hedhi. Mwisho wake hatukuwahi kuufikiria, wala kwa ajili yao wala kwa ajili yetu.

Tulikwenda hospitali, tukauliza, tukasoma. Haya ndiyo tuliyoyapata. Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma mwanamke anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuiona, na si kwa sababu ya ujauzito, kunyonyesha, dawa au maradhi. Kwa wanawake walio wengi jambo hili hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55. Akikoma kabla ya miaka 40 hana budi kumwona daktari. Lakini dalili huanza mapema, miaka kadhaa kabla ya hedhi kukatika kabisa, wakati siku zinapokwenda bila mpango. Na katika kipindi hicho mwanamke bado aweza kushika mimba.

Sababu ya fukuto ni hii. Ovari hupunguza kutengeneza homoni iitwayo estrojeni. Homoni hiyo ipunguapo, ile sehemu ya ubongo inayotawala joto la mwili huwa nyepesi kushtuka. Joto likizidi kidogo tu, ubongo hudhani mwili umeungua, nao hutoa amri ya kuupoza: mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hutanuka, jasho hutoka, moyo hudunda. Kwa kawaida fukuto moja hudumu dakika 1 hadi 5, kisha mtu aweza hata kuhisi baridi. Likitokea usiku huvunja usingizi, na mwalimu asiyelala huwa mwepesi wa hasira na mzito wa kumbukumbu. Uchunguzi wa miaka mingi uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa nusu ya wanawake waliosumbuliwa mara kwa mara waliendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 7, na miongoni mwa Wamarekani weusi kwa zaidi ya miaka 10. Kwa hiyo mwalimu asijiambie kwamba atavumilia muhula mmoja, kisha yaishe. Hana budi kujipangia.

Nasi tulijipangia kwa njia ile ile tuipangiayo kazi ya darasani, yaani kwa kuchunguza kwanza. Kwa mwezi mmoja kila mmoja wetu aliandika, katika kurasa za mwisho za daftari la maandalio ya masomo, saa ya kila fukuto na jambo lililolitangulia. Mwezi ulipokwisha tulilinganisha. Mafukuto mengi yalitujia baada ya chai ya saa 4, kwa kuwa tulikuwa tukinywa chai ya moto sana kwa haraka ili kuwahi kipindi. Mengine yalikuja tulipopaza sauti kunyamazisha darasa, na siku zilizofuata usiku wa kukosa usingizi yalizidi. Vitu kama pilipili na pombe pia hujulikana kuwachochea wanawake wengi, ingawa si wote hufanana.

Tulibadili yaliyo rahisi kwanza. Chai tuliiacha ipoe, au tukanywa uji wa vuguvugu. Nguo za nailoni tuliziweka kando, tukavaa pamba, na vilemba vyepesi. Chupa ya maji na kitambaa vikawa miongoni mwa zana za somo. Nyumbani tulilalia khanga badala ya shuka nzito, na dirisha la chumba likawekwa wavu ili liweze kuachwa wazi bila kuwakaribisha mbu. Tulijifunza pia kupumua taratibu na kwa kina fukuto linapoanza. Hilo halilizuii, lakini humzuia mtu asiingiwe na hofu.

Kisha tukaja kwenye mbinu za kufundishia, na hapa ndipo tungependa wanachuo watie maanani zaidi. Tuligundua kwamba masomo yetu yote yalikuwa yamejengwa juu ya mwalimu mmoja asimamaye na kupaza sauti kwa dakika zote za kipindi. Mwalimu akitetereka dakika tatu, somo zima linaanguka. Kosa hilo halikuletwa na kukoma hedhi; kukoma hedhi kulilifichua tu.

Kwanza, tuliyagawa madarasa yetu katika vikundi vya watoto 8 hadi 10, kila kimoja na kiongozi wake abadilishwaye kila wiki. Jioni tunaandika kadi za kazi kwa vipande vya maboksi. Mwalimu hufundisha kwa dakika chache ubaoni, kisha vikundi hufanya kazi kwa kadi. Fukuto likija wakati huo, mwalimu husogea dirishani, naye mtoto hakosi la kufanya. Pili, tuliacha kunyamazisha darasa kwa kelele. Mwalimu hupiga makofi kwa mahadhi yanayojulikana, watoto hujibu kwa mahadhi hayo hayo, na chumba hutulia. Tatu, tulibadilishana vipindi na wenzetu ili mada ngumu zifundishwe kabla ya saa 4, wakati bati halijapata moto. Nne, tulimweleza mwalimu mkuu. Yeye ni mwanamume, nasi tuliona haya. Lakini tulimweleza kwa maneno machache ya heshima, kama mtu aelezavyo kwamba ana shinikizo la damu. Alisikiliza, akaafiki ratiba mpya, akaagiza ndoo ya maji safi iwekwe ofisini. Hatukuhitaji zaidi ya hayo.

Je, watoto waambiwe? Tulijadiliana sana. Tuliafikiana kwamba wadogo waambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wao: "Mwalimu akisikia joto atakwenda dirishani, nanyi mtaendelea na kazi." Kwa Darasa la Sita na la Saba, mada ya uzazi ifikapo, twaeleza kwamba hedhi ina mwanzo na ina mwisho, na kwamba mama na bibi zao wako njiani au wamekwisha pita. Hakuna aliyecheka. Wasichana wawili walisema kwamba sasa wameelewa kwa nini mama zao hawalali.

Hata hivyo tusiwapotoshe wasomaji. Si kila jasho ni la kukoma hedhi. Malaria ipo, na hupimwa kwa tone la damu. Isitibiwe kwa kukisia, kama mwenzetu alivyofanya. Jasho la usiku pamoja na kikohozi cha wiki mbili au kukonda huenda likawa kifua kikuu. Tezi ya shingo nayo yaweza kuleta joto na moyo kwenda mbio. Na mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi akiona damu tena, hata tone, aende hospitali mara moja bila kungoja likizo, maana yaweza kuwa dalili ya saratani. Ama kwa wale ambao fukuto limewazidi, dawa zipo. Tiba ya homoni ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Uchunguzi mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002 uliwatia watu wengi hofu juu yake, lakini uchambuzi wa baadaye umeonyesha kwamba kwa wanawake wenye afya walio chini ya miaka 60, au ambao hawajapitisha miaka 10 tangu kukoma, faida yake kwa kawaida huzidi madhara. Haifai kwa aliyepata saratani ya matiti au damu kuganda mishipani. Kwa hiyo huamuliwa na daktari, wala hainunuliwi kwa ushauri wa jirani. Mmoja wetu anaitumia. Wawili hatuitumii, na twafanya kazi yetu. Barua ile ya kustaafu haikupelekwa.

Ndugu wanachuo, wengi wenu bado vijana, na nusu yenu huenda ni wanaume. Mtapangwa katika shule ambamo mtakuta mwalimu wa makamo aketiye karibu na dirisha, ajipepeaye kwa daftari la mahudhurio, asahauye jina la mtoto alilolitaja jana. Msimcheke, wala msiseme kwamba amechoka na kazi. Mpokeeni kipindi kimoja, naye atawafundisha mambo ambayo hayamo katika vitabu vya chuo. Nanyi mlio wanawake, msingoje mpaka siku ile iwafikie ndipo muanze kulijenga somo lisilotegemea mabavu ya mwalimu. Lijengeni sasa, mngali na nguvu.

Turudi kwa yule mvulana. Kesho yake, baada ya bibi kuja, mwenzetu alisimama mbele ya darasa lile lile lililocheka, akamrudishia daftari lake, akasema kwamba mwalimu amekosea na anaomba radhi, kwa kuwa mtoto huyu alitenda wema naye akaadhibiwa. Kisha akarudia kugawanya kwa njia ndefu tangu mwanzo, maana kwa siku nne mtoto alikuwa amekosa somo hilo. Katikati ya kipindi fukuto lilikuja. Mwalimu akaenda dirishani. Yule mvulana alimtazama, akatazama daftari lake, asijue afanye nini. Mwalimu akamwitikia kwa kichwa, naye akaendelea kuandika.