Askari wa Viwanda Mbalimbali katika Kabati Moja



Labda mtacheka kuona mtu mzima, mzaliwa wa Likasi, anawaandikia juu ya askari wa kuchezea. Lakini huku Bruxelles, katika Ubelgiji, ambako ninakaa na jamaa yangu, neno hili liliingia nyumbani mwetu na kuleta ugomvi kati ya watoto wawili. Tena hata wewe ambaye huna askari hata mmoja wa plastiki, uko na watoto wanaogawana vitu. Basi unisikilize kidogo.

Ujue kwanza kwamba askari wa kuchezea hawako wa namna moja. Kule Uingereza, mwaka 1893, William Britain alianza kutengeneza askari wenye tumbo wazi. Alitumia risasi, maana yake ile madini nzito ambayo Wafaransa wanaita plomb. Fundi alimimina risasi ya moto katika kalibu, ile ya pembeni ikaganda upesi, halafu akaimwaga ile ya katikati ikiwa ingali maji. Kwa hiyo madini kidogo ilitosha askari wengi, na bei ikashuka. Urefu wao ulikuwa milimita 54, na viwanda vingi vikafuata kipimo hicho. Wajerumani wa kiwanda cha Hausser walifanya wale wanaoitwa Elastolin, kwa unga wa mbao na kole, na waya ndani. Wengi wao wana sentimita 7. Wajerumani wengine, wa Nürnberg, walifanya askari bapa kama kipande cha kartoni, kwa bati iliyochanganywa na risasi, milimita 30 tu. Wafaransa walikuwa na Starlux wa plastiki. Na Airfix wa Uingereza walitoa wadogo kabisa, karibu sentimita 2 na nusu.

Sasa fikiri mwenyewe: uwapange hawa wote katika mstari mmoja. Huyu anafika kwa mwenzake magotini. Yule kichwa chake ni kama boga. Ndiyo maana watu wengi wenye kukusanya askari wanasema: chagua kiwanda kimoja, usichanganye. Sikatai, wana sababu. Lakini sababu hiyo ni ya mtu mwenye feza na mwenye kabati lake peke yake.

Kwetu mambo yalikuwa hivi. Mtoto wangu alikuwa na askari 20, wote wa kiwanda kimoja, wote wapya, zawadi ya sikukuu. Halafu akaja mtoto wa kaka yangu marehemu, kijana wa miaka tisa, aliyezaliwa Manono. Yeye pia ni mtoto wangu, hakuna neno lingine. Lakini feza ya kumnunulia askari 20 wapya haikuwako. Nikamchukua mpaka kwenye kiwanja cha Jeu de Balle, soko la vitu vya zamani, ambako kila siku asubuhi watu wanatandika mali yao chini, juu ya mawe. Kwa euro chache tukapata mfuko muzima: Starlux, Elastolin wawili waliovunjika mikono, wa risasi wanne, wa bati bapa watatu, na wengine wasio na jina chini ya miguu.

Siku ya kwanza walicheza vizuri. Siku ya pili nikasikia mkubwa anasema: "Aba habako betu. Aba ni maadui." Na kila siku ikawa namna hiyo: wa kiwanda kipya ni jeshi, wa mfuko ni maadui, na maadui wanashindwa kila siku. Baada ya juma moja nikafagia chumba, nikakuta mfuko umefungwa kamba, umesukumwa mbali chini ya kitanda. Yule mdogo hakulia, hakusema kitu. Alikuwa anaketi anaangalia mwenzake akicheza.

Mama watoto naye alikuwa na neno lake. Yeye ni mtu wa Kalemie, na vita ya 1998 aliiona kwa macho. Akaniambia: "Baba, tulikimbiaka basoda, sasa unatuletea basoda mu nyumba?" Sikumjibu haraka, maana swali lake lilikuwa la kweli.

Nikawaita watoto wote wawili mezani, na rula na makasi. Nikasema: leo hatuchezi, leo tunapima. Nawaambia ninyi wasomaji tuliyoyaona, maana yanaweza kumsaidia kila mwenye kuchanganya.

La kwanza: kuna wanaopima askari toka nyayo mpaka machoni, na kuna wanaopima mpaka utosini. Kwa hiyo wawili wanaoitwa "54" wanaweza kuachana milimita kadhaa. Tena kile kibao wanachosimamia ni kinene kwa huyu, chembamba kwa yule. Tukakata kartoni ya sanduku, tukabandika chini ya wafupi. Wengi wakalingana palepale.

La pili: yule mdogo ndiye aliyeuliza, "Baba mdogo, lakini watu habalingane urefu, sivyo?" Ni kweli. Watu wawili wanaweza kuachana kichwa kizima na hakuna anayeshangaa. Lakini bunduki za jeshi moja zinatoka kalibu moja, haziwezi kuachana. Jicho linakamata bunduki na kofia mbele ya kukamata mtu. Kwa hiyo kama askari ni wa kiwanda kingine, umpe kazi nyingine: ashike ngoma, abebe bendera, awe mkubwa mwenye upanga, au apande farasi. Juu ya farasi nani atampima miguu?

La tatu: rangi ya chini. Tulipaka vibao vyote rangi moja ya udongo mwekundu, kama ule wa kwetu. Kazi ya saa moja tu, lakini ilifanya zaidi ya kartoni zote. Wale wadogo zaidi tukawaweka nyuma, maana kitu cha mbali jicho linakubali kiwe kidogo.

La ine: kuna wasiochanganyika. Elastolin wa sentimita 7 na wale bapa wa milimita 30 hawatasimama mstari mmoja, hata ubandike nini. Hao tukawapa rafu yao wenyewe, ndani ya kabati lilelile, kwa macho ya wote. Hapo yule mdogo aliinua mmoja wa bapa, akauliza ni madini gani. Nikamwambia bati, ile inayotoka katika kasiterite. Akasema: "Hii tunachimbaka Manono!" Toka siku ile wale watatu ndio wanaoheshimiwa kuliko wote.

Na sheria ya mchezo tuliandika juu ya karatasi: katika kila mstari kiwanda kimoja, lakini katika kila jeshi mistari ya viwanda vyote. Hakuna kiwanda ambacho ni adui siku zote. Mkubwa alinuna siku mbili. Halafu akaja kuuliza kama anaweza kumwazima mpiga ngoma wa Starlux.

Kwa mama watoto nilileta dawa nyingine. Baada ya vita ya 1914-1918, watu walikuwa wamechoka na vita, na kiwanda cha Britain kikaanza kufanya watu wa shamba: mkulima, mwanamke mwenye kulisha kuku, ng'ombe, miti. Na kwa kipimo kilekile kama askari! Tukatafuta sokoni tukapata watano. Sasa jeshi haliwezi kupita bila kuzunguka shamba la mama. Hajapenda askari, lakini kila asubuhi anawapangusa vumbi wale kuku.

Neno la mwisho, na hili ni kali. Askari wa zamani wa risasi ni sumu. Britain waliacha kuwatengeneza mwaka 1966. Usimpe mtoto mchanga anayetia kila kitu kinywani. Wakubwa wawashike kidogo, kisha wanawe mikono kwa sabuni. Usiwafungie katika kabati la mti wa mwaloni, maana pumzi ya mti ule inaila risasi mpaka inakuwa unga mweupe, na unga ule ni hatari zaidi.

Kijana unayesoma, katika hadithi ya Andersen ya mwaka 1838 askari 25 walitoka kijiko kimoja cha bati, na wa mwisho alipata mguu mmoja kwa sababu bati iliisha. Walikuwa ndugu wa kijiko kimoja, na bado hawakulingana. Basi mwenzako akileta wake wa kiwanda kingine, mbele ya kusema "si wetu", chukua rula kwanza, mpime pamoja naye.

Nawasalimu wote wa Likasi, Kolwezi, Kipushi na Manono.