Mwenye Shamba, Mwamuzi na Mjumbe

Mwezi uliopita tuliitwa nyumbani, upande wa Bariadi, kwa shauri la shamba la marehemu baba yetu. Ni shamba la udongo mweusi wa mbuga, nalo ndilo lililotupatia pamba na mtama tangu utoto wetu. Tangu mwaka 2012, Simiyu ilipofanywa mkoa na Bariadi kuwa makao yake, mji umekuja ukitambaa kuelekea kwetu, na watu wa kununua viwanja hawakosekani mlangoni. Ndugu zetu wawili wasema liuzwe. Dada yetu, ambaye ndiye alilimaye kila mwaka, asema lisiuzwe. Nasi kwa kuwa tu mwalimu tulitakiwa tuamue, kana kwamba chaki humpa mtu hekima ya mipaka.

Garini tulikuwa na kitabu cha historia ya Uingereza. Tulikichukua kwa ajili ya masomo ya darasani, lakini kilitushika kwa sababu nyingine. Katika siku za Malkia Anne, mwanzoni mwa karne ya kumi na nane, bwana mmoja wa Kiingereza aliweza kuwa watu watatu katika nafsi moja. Alikuwa mwenye mashamba, na wapangaji walimlipa kodi. Alikuwa amesoma sheria katika vyuo vya mawakili mjini London, akarudi kwao akawa mwamuzi wa kesi za majirani. Tena alikuwa mjumbe wa Bunge. Wala hakuingia Bungeni mikono mitupu: sheria ya mwaka 1711 iliagiza kwamba mjumbe wa jimbo awe na ardhi impatiayo pauni 600 kwa mwaka, na mjumbe wa mji pauni 300. Sheria ile haikufutwa mpaka mwaka 1858. Maana yake ni kwamba asiye na shamba asitunge sheria. Na wenye mashamba, wakiisha kuketi, walitunga sheria za mashamba. Baadaye katika karne ile ile walipitisha nyingi za kuzungushia ua malisho yaliyokuwa ya shirika, na maskini aliyekuwa akilisha ng'ombe wake mmoja pale akakosa pa kumlisha. Msukuma ye yote akisoma habari hiyo ya ng'ombe atakiweka kitabu chini kidogo.

Tulijiuliza kama kwetu alipata kuwako mtu wa namna hiyo. Aliyekaribia, kwa tuonavyo, ni Mtemi Kidaha Makwaia wa Usiha, katika nchi ya Shinyanga, jirani zetu. Alizaliwa mwaka 1922, akasoma Tabora na Makerere, akaushika utemi baba yake alipofariki mwaka 1945. Mwaka ule ule yeye na Mtemi Abdiel Shangali wa Machame waliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, Waafrika wa kwanza kuketi humo. Wakili hakuwa. Lakini tangu Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929, watemi waliamua kesi barazani kwa idhini ya serikali, na kesi za mashamba na ng'ombe hazikuwa chache. Basi alikuwa mwamuzi na mjumbe.

Je, alikuwa mwenye nchi? Hapa ndipo alipoachana na yule bwana wa Kiingereza. Wazee hulitoa jina la ntemi katika kutema, yaani kukata msitu: yeye ni wa ukoo wa waliofungua nchi, lakini hakuwa na ruhusa ya kuiuza. Zamani mvua ikikataa, watu waliweza hata kumwondoa. Aliyelima shamba lilikuwa lake maadamu alilima. Akihama, liliwarudia wanakijiji, na mzee wa kijiji akampa mwingine. Mwingereza aliketi Bungeni kwa ajili ya ardhi iliyo mali yake. Kidaha aliketi kwa ajili ya watu ambao ardhi yao haikuwa mali yake.

Sasa tazameni mambo yalivyogeuka. Mwaka 1953 Kidaha aliwekwa katika Tume ya Kifalme ya Afrika ya Mashariki iliyochunguza habari za ardhi na wingi wa watu, chini ya Sir Hugh Dow. Katika wajumbe wake alikuwa Mwafrika peke yake. Taarifa ya mwaka 1955 ilishauri kwamba desturi ya ardhi ya ukoo na kijiji iachwe pole pole, kila mtu apate milki yake mwenyewe, aweze kuikopea na kuiuza. Mtoto wa watemi wasiouza nchi akatia sahihi hapo. Hatumlaumu upesi. Huenda aliona wakulima waliokuwa na nguvu lakini hawana karatasi ya kuonyesha benki.

Mwaka 1958 serikali ilipoleta shauri la kuwapa Waafrika milki ya namna hiyo, Julius Nyerere aliandika makala yake ya Mali ya Taifa kulipinga. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: katika nchi ya maskini, ardhi ikiuzwa, wachache wenye fedha watainunua na wengine watakuwa wapangaji katika nchi yao. Naye ndiye aliyeshinda. Mwaka 1963 milki huria zilibadilishwa kuwa za kukodishwa na serikali, na mwaka huo huo utemi ukaondolewa kwa sheria. Kidaha, ambaye alikuwa ameuacha utemi kabla ya hapo, alifariki mwaka 2007.

Tulifika nyumbani jioni. Ndugu zetu walikuwa na bei tayari, na kusema kweli ilikuwa bei nzuri. Dada yetu alitukaribisha kwa heshima, akatuletea maji ya kunawa, akasema neno moja tu: "Kaka, mimi sina shamba jingine." Wazee waliohudhuria walinyamaza, kwa kuwa kwa desturi yetu binti hana neno katika shamba la baba akiwapo mtoto mwanamume.

Hapo ndipo tulipoona kwamba Kidaha na Nyerere walikuwa wamekaa nasi katika mkeka mmoja. Desturi peke yake ingemtoa dada yetu shambani kesho yake. Karatasi tupu yenye majina ya wanaume ingemtoa upesi zaidi. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika kupata ardhi na kuitumia, na halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutoa hati ya haki miliki ya kimila. Shamba letu lingali ndani ya mipaka ya kijiji, japo kwa miaka mingapi ni shida kusema. Basi tulisema kwamba iombwe hati moja, na jina la dada yetu liandikwe humo pamoja na yetu, na asiuze mtu ye yote pasipo sahihi yake.

Ndugu yetu mdogo aliondoka kabla ya chakula. Mkubwa alikaa, akala, akasema atafikiri mpaka pamba itakapovunwa. Asubuhi, tulipokuwa tukingoja gari, tulimwona dada yetu akiwa kwenye mpaka wa upande wa barabara, anapanda minyaa.