Mombasa hadi Lamu, bandari kwa bandari

Wengi wetu tuishio Nairobi, Nakuru au Eldoret tutajapo Pwani huwa tuna maana ya kitu kimoja tu, nacho ni ufuo. Tunashuka Mombasa kwa basi au kwa garimoshi, tunajilaza mchangani siku tatu, watoto wanapigwa picha juu ya ngamia, kisha tunarudi kazini na shuleni. Si vibaya. Lakini iko Pwani nyingine isiyokaa kwenye ufuo wa hoteli. Imejibanza kwenye mikono ya bahari na midomo ya mito, nayo ni Pwani ya bandari. Kuiona hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji gari, au nauli ya matatu, na siku nne au tano zisizohesabiwa kwa saa.

Kutoka Mombasa hadi Mokowe, mkabala wa kisiwa cha Lamu, ni mwendo wa yapata kilomita 340. Dereva mwenye haraka huumaliza kwa siku moja. Mwulize aliona nini njiani naye atakuhesabia matuta.

Kabla ya kutia gari moto, itazame ramani pamoja na watoto. Sehemu kubwa ya pwani yetu imezingirwa na mwamba wa matumbawe, na chombo hakiwezi kuuvuka popote kitakapo. Hupenya penye mlango tu. Milango hiyo ipo mahali ambapo mito, ya leo au ya zamani, ilimwaga maji matamu baharini, kwa sababu matumbawe hayasitawi penye maji matamu na tope. Karibu kila mlango ulizaa mji. Ukilishika jambo hilo moja, safari yote itakueleza mambo.

Bandari mbili za Mombasa

Anzia Bandari ya Kale, chini ya Ngome ya Yesu iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Hapa ndipo majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalipotia nanga yakiletwa na kaskazi, upepo uvumao kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi Machi hivi. Yalileta tende, chumvi na mazulia, yakangoja kusi igeuke ndipo yarudi kwao na boriti za mikoko na pembe. Miezi hiyo ya kungoja si kitu kidogo. Ndimo watu walimooana, wakabadilishana maneno na mapishi, na lugha unayoisoma sasa ikanenepa.

Upande wa pili wa kisiwa iko Kilindini, na jina lenyewe linasema yote, yaani penye kilindi. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896 na meli kubwa za chuma zikaongezeka, kina cha maji kikawa na thamani kuliko upepo. Kilindini ikawa lango la Afrika Mashariki, na Bandari ya Kale ikabaki na majahazi machache. Basi hata kabla hujatoka kisiwani umekwisha kuona kwamba bandari huweza kunyang'anywa kazi yake na jirani aliye umbali wa kutembea kwa miguu.

Mtwapa, Takaungu, Kilifi

Vuka Daraja la Nyali uelekee kaskazini. Baada ya kuvuka daraja la Mtwapa, kata kulia kuelekea baharini ukaone magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 ulioachwa katika karne iliyofuata. Misikiti na nyumba za mawe zimesimama chini ya mibuyu, na bahari ipo hatua chache tu. Walete watoto asubuhi, jua halijawa kali.

Takaungu wengi huipita. Kibao kiko kando ya barabara kuu, na mji umejificha pembeni mwa mkono mwembamba wa bahari. Mazrui walipong'olewa Mombasa na Seyyid Said mwaka 1837, baadhi yao walihamia hapa na wengine wakaenda Gazi. Leo ni kijiji kitulivu cha wavuvi. Ukimkuta mzee anashona wavu, mwamkie kwanza, umwulize maji yajaa saa ngapi. Hakuna swali linalofungua mazungumzo Pwani kuliko hilo, kwani kupwa na kujaa ndiko saa ya mvuvi. Bamvua anajua atatoka lini, na maji mafu anajua atalala.

Kilifi ni funzo la aina nyingine. Hadi 1991 msafiri alivuka hapa kwa feri. Magari yalipanga foleni, na foleni ikawa soko. Palikuwa na madafu, korosho, samaki wa kukaanga na porojo za kungojea. Daraja lilipofunguliwa mwaka huo, safari ya kuvuka ikawa ya dakika moja. Hakuna atakayelilia feri akiwa na mgonjwa garini. Hata hivyo, simamisha gari upande wa kusini, upande magofu ya Mnarani juu ya jabali. Kutoka hapo unauona mkono wote wa bahari, samawati, ukiingia bara hadi macho yachoke. Darajani unaupita usiuone. Korosho bado zinauzwa karibu na daraja, basi nunua moto moto ule polepole.

Malindi na mchanga wa Nairobi

Kati ya Kilifi na Malindi utapita msitu wa Arabuko-Sokoke na mji wa kale wa Gede, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Gede unastahili nusu siku. Lakini twende Malindi, kwa kuwa huko kuna habari inayotuhusu sisi wa bara kuliko tunavyodhani.

Malindi ilikuwa bandari ya kifahari. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa Uchina. Mwezi Aprili 1498 Vasco da Gama alipokewa hapa vizuri, akapewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Nguzo yake ya msalaba ingali imesimama kwenye rasi. Wareno walipohamisha makao yao Mombasa karne iliyofuata ikielekea kwisha, Malindi ikapoa.

Sasa nenda ufuoni wakati wa mvua. Maji ni mekundu kama chai ya rangi. Wageni hukunja uso, wakadhani bahari ya Malindi ni chafu kwa asili. Sivyo. Kaskazini ya mji unaingia Mto Sabaki, na Sabaki ni jina la mwisho tu la mto wenye majina mengi. Juu zaidi unaitwa Galana, na juu zaidi ya hapo unaitwa Athi. Na Athi ndio unaopokea maji ya Mto Nairobi. Naam, msomaji wa Nairobi, mfereji upitao nyuma ya mtaa wako mwisho wake ni hapa. Udongo unaong'olewa mashambani Machakos na Makueni kwa kukosa matuta, na uchafu tunaoutupa mtoni Nairobi, vyote hushuka hadi kwenye ghuba hii. Mchanga umejazana hata ufuo umesogea mbele, na bahari imeusogea mbali mji uliokuwa ukiishi kwayo. Matumbawe ya mbuga ya bahari iliyotengwa mwaka 1968 nayo yanasumbuliwa na tope.

Mwanafunzi aliyekariri darasani maana ya mmomonyoko wa udongo na alisimamishe gari kwenye daraja la Sabaki. Ataielewa maana hiyo kwa macho.

Ng'ambo ya mto iko Mambrui, mji mdogo wenye kaburi la nguzo lililopambwa kwa bakuli za kauri za Uchina. Mwaka 2010 wachimbuaji wa Kenya na Uchina walipata hapo sarafu ya shaba ya Kichina ya mwanzoni mwa karne ya 15. Mbele kidogo ni Ngomeni, bandari ya aina yake. Kutoka kwenye jukwaa lililo baharini hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ambayo kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru.

Mokowe na Lamu

Baada ya hapo barabara inaiacha bahari, inavuka Mto Tana huko Garsen na kupita Witu. Sehemu hii ya njia imewahi kushambuliwa na majambazi na magaidi. Uliza polisi hali ilivyo, ondoka Malindi alfajiri, na usiendeshe usiku.

Mokowe gari linalala, nawe unapanda boti. Mji wa Lamu, ulio katika Urithi wa Dunia tangu 2001, ulijengwa kwa kipimo cha mtu na punda. Pita vichochoro, kula mkate wa mofa ukiwa moto, keti Mkunguni mbele ya ngome iliyokamilika mwaka 1821, na jioni tazama mashua zikirudi na matanga yamejaa.

Kisha ujue kwamba karibu na Mokowe ipo bandari mpya kabisa. Gati lake la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na mpango ni kujenga magati 32. Nchi inahitaji bandari, na vijana wa Lamu wanahitaji kazi. Lakini kuchimba kilindi kwa ajili ya meli kubwa kumevuruga malisho ya samaki na mikoko. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe Shilingi bilioni 1.76. Fedha hulipa karo na kununua boti, lakini hazimrudishi samaki mahali alipozoea kuzaa.

Ndivyo zilivyo bandari zetu. Zamani zilipanda na kushuka kwa amri ya upepo na wafalme. Siku hizi hatima yake inaamuliwa na madaraja tujengayo, vilindi tuchimbavyo na udongo tuuachao utiririke. Likizo ya Agosti inapokaribia, kaeni kama jamaa mpange safari hii. Beba daftari, maji ya kunywa na leso ya kujifunika uingiapo mtaa wa watu. Na mkirudi nyumbani, siku ya kwanza ya mvua, tokeni mtazame maji yapitayo mbele ya lango lenu. Kama kwenu ni Nairobi, yanaelekea Malindi.