Dai Chanzo Chote

Natengeneza simu na rauta hapa Tabora. Wateja wanatoka mjini, Urambo, Kaliua hadi Ujiji, ilikoishia njia ya misafara ya zamani.

Zahanati moja iliniletea rauta ya bei nafuu isiyo na betri ya saa. Umeme ukikatika na kurudi, saa yake inaanza upya tarehe 1 Januari 1970. Rauta ikikagua cheti cha usalama cha seva, inaona hakijaanza kutumika, inakataa kuunganisha. Muuguzi anarudi kwenye daftari. Dawa ni kubadili programu iliyomo ndani ili itafute saa sahihi kwanza, ndipo iunganishe, na hilo linahitaji msimbo chanzo, yaani maandishi asilia ya programu.

Ndani ya rauta mlikuwa na programu za Linux na BusyBox, zote chini ya leseni huria ya GPL toleo la 2, ya mwaka 1991. Mtengenezaji hatozwi ada kuzitumia. Wajibu wake ni kutoa chanzo pamoja na kifaa, au kuahidi kwa maandishi, kwa muda usiopungua miaka 3, kumpa yeyote anayekitaka kwa gharama ya kunakili na kutuma tu. Fundi wa Tabora naye yumo.

Nilimwandikia mtengenezaji, kimya. Nikaandika tena nikitaja kifungu cha 3 cha leseni, modeli na namba ya toleo. Likaja faili. Kulifungua, mafaili ya programu yamo, hati za kuyajenga na kuyasakinisha hazimo. Wengi hukomea hapo, na ndipo hasa pa kukaza, maana kifungu kilekile kinazitaja hati hizo. Nilizidai, zikaletwa, na rauta ya zahanati sasa inajua tarehe.

Mahakama ya Munich, Ujerumani, mwaka 2004 ilimpa Harald Welte, mmoja wa waandishi wa programu zilizomo kwenye Linux, zuio dhidi ya kampuni ya Sitecom kwa kukiuka leseni hiyohiyo. Mimi si mwandishi wa Linux, siwezi kushtaki kama yeye. Ila maombi ya watu wa kawaida yana nguvu: mwaka 2003 watumiaji waliibana kampuni ya Linksys hadi ikatoa chanzo cha rauta ya WRT54G, na humo ukazaliwa mradi wa OpenWrt wa programu huria za rauta, unaotusaidia mafundi mpaka leo.

Ukinunua rauta, usitupe karatasi yenye maandishi madogo iliyomo kwenye boksi. Mara nyingi ahadi ya chanzo iko hapo. Mpelekee fundi wako karatasi hiyo pamoja na kifaa.