Safari ya Dodoma kwa Hela ya Kibubu

Katika nyumba yetu hela ya mume ilikuwa ya mume, ya mke ilikuwa ya mke. Mume wangu ni dereva wa malori, njia yake ni Dar es Salaam hadi Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Akirudi safari ananiachia ya matumizi. Mshahara wangu ukiingia nalipa gesi, umeme na mchezo wa walimu wenzangu. Ada ya kijana wetu aliye bweni tulichangiana kila muhula, kila mmoja akimsubiri mwenzake atangulie kutaja kiasi. Anapata ngapi kwa mwezi sikujua, na yangu naye hakuijua. Natoa ushuhuda huu kwa sababu safari moja ya kwenda kula zabibu iliyaondoa hayo yote, na nawajua wanandoa wengi wanaoishi vile vile tulivyoishi wakiamini hiyo ndiyo amani ya nyumba.

Sote wawili tumezaliwa mwezi wa Agosti, tarehe zetu zinapishana wiki moja. Mwaka 2024 yeye alikuwa anatimiza miaka 50, mimi 45. Keki za nyumbani kwetu zilikuwa za watoto siku zote. Mwezi wa Januari nikamwambia, "Baba, mwaka huu tutoke, mimi na wewe tu." Nilidhani atasema Bagamoyo, maana ni karibu. Akasema Dodoma.

"Dodoma kuna nini, baba?"

"Kuna zabibu. Miaka yote napita pale, nanunua dirishani zikiwa kwenye mfuko. Mti wake sijawahi kuusogelea."

Mtu niliyelala naye kitanda kimoja kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa na hamu hiyo, nami sikuwa na habari. Kila aliponiletea ule mfuko wa zabibu nilidhani ni zawadi ya njiani kama vitunguu au viazi.

Nilikwenda kwa fundi seremala nikanunua kibubu cha mbao. Nilipokiweka mezani swali likaja lenyewe: tutatumbukiza kiasi gani? Nikasema kila mmoja aweke elfu tano kwa wiki. Akauliza, "Tano kati ya ngapi, mwalimu?" Hakuuliza kwa ubaya. Anafanya kazi ya kupima mafuta na kilomita, hawezi kupanga safari bila kujua tangi lina nini. Nikafungua daftari la maandalio ya somo, ukurasa wa nyuma, nikaandika mshahara wangu, makato ya mkopo, na kilichobaki mkononi. Nikamsogezea kalamu.

Alikaa nayo muda mrefu. Kisha akaandika: mshahara, posho ya safari, anachokula njiani, na hela anayomtumia mama yake kijijini kila mwezi. Hiyo ya mama sikuijua. Yeye hakujua kwamba nina hisa kwenye kikoba na kwamba ndizo zilizonunua sare za watoto mwaka ule gari lake lilipolala gereji. Tulisomeana zile tarakimu mpaka usiku, na hakuna aliyepandisha sauti. Nilichohisi kilikuwa huruma: kila mmoja alikuwa anabeba mzigo gizani, na mizigo yenyewe ilikuwa ya nyumba hii hii. Tulikubaliana kiasi cha kibubu kulingana na kipato, yeye zaidi kidogo akiwa na safari, mimi zaidi kidogo lori likiwa limesimama.

Anayetaka kwenda Dodoma kwa hela ndogo lazima aijue kalenda ya mji ule. Mwanzoni mwa Agosti kuna Nane Nane, na mwaka ule maonesho ya kitaifa yalikuwa Nzuguni. Vyumba vinajaa na bei zinapanda. Bunge likianza kikao, mambo ni hayo hayo, na kikao kilikuwa kinaanza mwishoni mwa mwezi. Katikati kuna nafasi. Kwa bahati njema siku zetu za kuzaliwa zinaangukia humo humo, na ni msimu wa mavuno ya zabibu pia. Nilipiga simu gesti kadhaa za mbali kidogo na katikati ya mji mpaka nikapata ya Sh40,000 kwa usiku, chai ya asubuhi ikiwemo.

Bajeti ya kwanza tuliiandika kwa basi, kutwa nzima barabarani, na mume wangu aliikubali ingawa barabara ile ndiyo kazini kwake. Julai 25 treni ya SGR ikaanza kupeleka abiria Dodoma, daraja la kawaida Sh31,000. Tukakata tiketi nne, kwenda na kurudi, Sh124,000. Kibubu tulipokivunja kilikuwa na Sh412,000. Chumba kwa usiku tatu ni Sh120,000. Ilibaki Sh168,000 ya chakula, bajaji na mvinyo, na tuliiandika hivyo hivyo, kwa mwandiko wake.

Ndani ya treni alikaa dirishani. Baada ya Kilosa, tulipoingia kwenye mahandaki, alinishika mkono. Mimi nilikuwa natazama abiria, yeye alikuwa anatazama nchi ambayo kwa miaka yote ameipita macho yakiwa kwenye lami. Tulifika kabla hajachoka. Aliniambia hilo kwa mshangao, kwamba ameingia Dodoma bila kuchoka.

Shambani tulikwenda upande wa Hombolo, asubuhi mapema, na bajaji tuliyopatana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi. Agosti asubuhi Dodoma kuna baridi na upepo, vumbi jekundu, mibuyu imesimama bila majani. Halafu ghafla mistari ya kijani. Mizabibu hutambazwa juu ya nyaya, na vichala vinaning'inia chini ya majani, vyeusi na vya kijani kibichi. Mzee mwenye shamba alitupokea kwa "Mbukwenyi!", sisi tukamwamkia shikamoo, akatuita wanangu. Hakutudai kiingilio. Alisema tukinunua kilo chache inatosha.

Alitufundisha mambo niliyoyapeleka darasani baadaye. Ufaransa na Italia mzabibu hulala wakati wa baridi, na mavuno ni mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima akishavuna, baadaye anapogoa matawi, anamwagilia, na miezi kama minne baada ya kupogoa anavuna tena: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mavuno ya masika huandamwa na ukungu kwa sababu ya mvua, ya kiangazi hutoka safi na matamu zaidi. Nyingi za nyekundu ni aina ya Makutupora, nyeupe ni Chenin Blanc. Mbegu ya kazi hii, alisema, ilipandwa na mapadre wa misheni ya Bihawana miaka ya 1950. Mimi ni Mkatoliki, divai niliijua ya altareni tu. Nilisimama pale nikiwaza ni Dominika ngapi nimetazama kikombe kikiinuliwa bila kufikiria mkono wa mkulima.

Mume wangu aliuliza maswali ya usafirishaji. Zabibu iliyokwisha kukatwa haingoji, akajibiwa. Mnunuzi akichelewa, mkulima anakamua na kuweka mchuzi wa zabibu kwenye matangi, halafu anaanza kutafuta kiwanda cha kuuchukua, na mwaka mwingine viwanda havina haraka. Mzee alisema hayo kwa utulivu, lakini nilimwona mume wangu akiinamisha kichwa. Tulipofika kwenye mizani alilipa bei iliyotajwa bila kupunguza hata mia. Tangu hapo, akisimama barabarani kwa vijana wanaouza zabibu za mifuko, hapatani nao bei. Napenda kulisema hili kwa sauti, kwa sababu sisi wa Dar huomba kupunguziwa tunda lililomgharimu mtu maji, dawa na miezi minne.

Karibu na pale kuna watengenezaji wadogo wa mvinyo, tukaonjeshwa kwenye glasi ndogo. Nyeupe niliipenda mara moja. Nyekundu kavu ilinikausha ulimi, nikaiweka chini. Jioni mjini tulinunua nyama ya mbuzi ya kuchoma, tukafungua chupa ya nyekundu ile ile tuliyobeba, na pamoja na mafuta ya nyama ikawa kitu kingine kabisa, yenye mwili na tamu kwa namna yake. Ndiyo ilikuwa sherehe yetu: sahani moja, chupa moja, meza ya plastiki nje ya gesti. Alinitakia heri, nikamtakia heri, tukazungumza mambo ya uzee wetu, kiwanja, na mama yake ambaye anahitaji miwani. Miwani ile tuliiandika palepale kwenye daftari.

Tulirudi na chenji. Si nyingi, ilitosha kuanzisha kibubu kingine.

Daftari lile sasa lina kurasa za bati za nyumba, ada, na fungu la mama mkwe ambalo natuma mimi yeye akiwa njiani. Wiki iliyopita alikuwa ananisoma usoni, nikajua ana jambo. Akauliza kama mwakani tunaweza kwenda Dodoma Februari, tukaone mavuno ya masika. Nikafungua ukurasa wa Januari nikamwonyesha ada na sare. Akautazama, akavuta kalamu, akaandika Agosti.