Vidonge Saba Shubakani



Wiki hii naandika kuhusu kosa langu mwenyewe. Wakati wa mvua za masika, mjukuu wangu wa mwaka mmoja na nusu aliharisha. Mkaza mwanangu akampeleka zahanati, akarudi na pakiti za ORS na vidonge kumi vya zinki, na agizo la kumpa kimoja kila siku mpaka viishe. Siku ya tatu tumbo likatulia, mtoto akacheka. Nikasema, "Mwanangu, dawa ni ya mgonjwa, na huyu amekwisha pona." Naye kwa adabu yake akanyamaza, akaviweka vile saba shubakani. Neno la sheikh nyumbani lina uzito hata lisipokuwa na elimu ndani yake.

Haukupita mwezi, mtoto akaharisha tena. Mara hii macho yaliingia ndani, akawa analia bila chozi. Tulimkimbiza hospitali ya Msambweni usiku. Muuguzi akauliza kama vidonge vya kwanza alivimaliza. Mkaza mwanangu akainamisha kichwa. Nikasema, "Mimi ndiye niliyemkataza."

"Sheikh," akanijibu kwa upole, "ORS hurudisha maji na chumvi. Zinki ni ya kutengeneza utumbo na kumpa mtoto kinga ya miezi miwili mitatu ijayo."

Nilipouliza zaidi nikafahamu. Kuharisha huondoa zinki mwilini, na mwili hauna ghala ya kuiweka. Ndiyo maana mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliagiza miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa mtoto aliye chini ya miezi sita. Kidonge huyeyushwa kijikoni kwa maji safi au maziwa ya mama. Kunyonyesha kusikatizwe.

Dalili za upungufu hazipigi hodi kwa kelele. Mtoto hupoteza hamu ya chakula, hakui kama wenziwe, huugua mara kwa mara, na kidonda chake huchelewa kupona. Upungufu ukizidi, nywele hunyonyoka na vipele huzunguka mdomo na makalio. Maradhi mengine pia huleta dalili hizo, kwa hivyo apelekwe akatazamwe. Msinunue vidonge dukani kwa kubahatisha, kwani zinki ikizidi hutapisha, na ikizidi kwa muda mrefu huupunguzia mwili madini ya shaba.

Chakula chetu nacho kina sehemu yake. Sima ya mahindi kila siku bila kitoweo ina kitu kinachoizuia zinki isifyonzwe. Kinamama wajawazito wanaokula udongo, nawaombeni radhi, lakini nao waweza kuizuia. Mwaka 1961 Daktari Ananda Prasad na wenzake waliandika habari za vijana wa Iran waliodumaa, ambao chakula chao kilikuwa mkate, na udongo pia. Mwaka 1963, huko Misri, vipimo vya vijana waliodumaa vivyo hivyo vilionyesha upungufu wa zinki. Nasi tuna dagaa, kunde, nyama kila tujaaliwapo, na chaza wanaoshika mizizi ya mikoko ya Gazi, ambao kwa zinki hawana mshindani. Ajabu ni kwamba wengi wetu tunawaona chaza kuwa chakula cha wanyonge, ilhali wageni wa Diani huwalipia fedha nyingi hotelini.

Tuliporudi nyumbani na vidonge vipya, niliomba kazi ya kuhesabu. Kila baada ya swala ya Alfajiri niliita, "Kijiko kiko wapi?" Siku ya nne mtoto alikuwa akikimbiza kuku uani, wala sikusema neno. Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa. Niliporudi msikitini nilimkuta mkaza mwanangu barazani, karatasi ya vidonge mkononi. "Baba, tazama," akasema, akaigeuza nione kila kitundu kitupu.