Shaba ya Nara: Safari ya Mawazo mpaka Japani

Mwezi huu tunaenda mbali, Japani, katika mji wa Nara, uliokuwa mji mkuu tangu mwaka 710. Kijana mmoja atauliza: "Mchungaji, kwa nini utupeleke kwenye sanamu?" Soma Matendo 17. Paulo alitembea ndani ya Athene, akaangalia vizuri vitu walivyoabudu, kisha akasema nao. Aliangalia, hakuinama. Na sisi tufanye vile.

Njiani utakuta ayala, kama yule wa Zaburi 42. Wako zaidi ya 1,000, wanatembea kati ya watu bila woga, wanaomba biskuti. Halafu unafika kwenye lango la Todai-ji. Walinzi wawili wa mti wanasimama pale, kila mmoja zaidi ya metre 8, macho makali, misuli imevimba. Mafundi Unkei na Kaikei, pamoja na wenzao, waliwachonga mwaka 1203 kwa siku kama 70 tu.

Sasa ingia ndani ya jumba, inua kichwa. Budha wa shaba anaketi mbele yako, urefu karibu metre 15. Ametoka wapi?

Dini ya Budha ilifika Japani katika karne ya 6, kutoka Korea. Tangu 735 mpaka 737 ugonjwa wa ndui uliua watu wengi sana, hata wakubwa wa serikali. Mfalme Shomu alihuzunika. Mwaka 743 akatoa amri sanamu itengenezwe kusudi nchi ilindwe. Hata mtu wa kuleta jani moja la nyasi ao konzi moja ya udongo, apokelewe. Mtawa Gyoki, ambaye zamani serikali ilimkataza kuhubiri ovyo, ndiye aliyekusanya watu. Walimpenda, sababu aliwajengea madaraja na mabwawa ya maji.

Ndugu mchimbaji, sikia. Kazi ile ilikula karibu tani 500 za shaba, na sehemu yake ilitoka mgodi wa Naganobori, magharibi ya nchi. Mafundi walijenga mfano wa udongo, wakauzungushia ukuta, wakamwaga shaba ya moto katikati, mara nane, kutoka chini kupanda juu, tangu 747 mpaka 749. Wewe uliyesimama karibu na tanuru unajua joto lile!

Kisha walichanganya dhahabu na zebaki, wakapaka sanamu, wakachoma kwa moto. Zebaki ikapanda kama moshi, dhahabu ikabaki. Moshi ule ni sumu: unaharibu ubongo, figo, na mtoto aliye tumboni. Hata leo wachimbaji wa dhahabu wa mashariki mwa Kongo wanachoma zebaki namna ile. Baba, tafadhali, usiichome ndani ya nyumba, wala ndani ya sufuria ya mama!

Mwaka 752 ikawa sikukuu kubwa. Mtawa Bodhisena, mtu wa India, alichora macho ya sanamu. Kamba ndefu zilifungwa kwenye burashi yake, na watu wakazishika kusudi nao washiriki. Lakini mwaka 855 kichwa kikaanguka. Mwaka 1180 na 1567 vita ikaleta moto. Kichwa tunachokiona leo ni cha miaka ya 1690, na jumba lilimalizika 1709. Kilichofanywa kwa mikono hakiwezi kujilinda chenyewe, kitamlinda nani?

Hata hivyo, tusicheke huzuni ya mfalme yule. Alitafuta msaada kwa ajili ya watu wake waliokufa, na alijua kwamba konzi ya maskini ina bei. Sisi tunamjua Yule aliyeona senti mbili za mjane.

Tazama neno moja la mwisho. Jina la mfalme tunalo, na la mtawa tunalo. Aliyeshuka shimoni Naganobori, tunamwita nani? Na kwetu ni vile vile: shaba inapanda treni na lori, inaenda ng'ambo, jina la aliyeichimba halifuati. Mungu analijua. Lakini watoto wako, wanalijua? Leo usiku, mbele ya maombi, waambie jina la babu aliyechimba shaba, na kazi aliyoifanya.